Kutu kwenye nondo na tetemeko: namna ya kukagua nguzo za ghorofa yako kabla ardhi haijatikisika

Kama unaishi Kasese, Bundibugyo, Fort Portal, Hoima au popote huku magharibi mwa Uganda, tetemeko sio kitu cha kusoma gazetini. Wazee wa Tooro bado wanasimulia lile la tarehe 20 Machi 1966 lililoua watu zaidi ya 100, likaja la Kisomoro tarehe 5 Februari 1994, na ndugu zetu wa Rakai wanalikumbuka la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, kitovu kilikuwa upande wa Bukoba kule Tanzania lakini nyumba zilipasuka mpaka kwao. Na hapa chini ya Rwenzori vyombo vinarekodi mitikisiko mamia kila mwezi, mingi ni midogo hata chai haitikisiki kikombeni.

Sasa siku hizi tumejenga ghorofa. Hata trading centa ndogo ina jengo la ghorofa tatu, chini maduka, juu vyumba vya kupangisha, na ukimuuliza mwenye nyumba kama liko imara anakupigia nguzo kofi na kukwambia "hapa nimeweka Y16, hili haliendi popote", yaani nondo za unene wa milimita 16. Sawa mzee, lakini hizo nondo zina miaka mingapi, zimenyeshewa kiasi gani, na zile ringi, vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzizunguka, bado zipo? Hapo ndo wengi wananyamaza. Naandika hii kwa wenye nyumba, wale keateka (waangalizi) wanaokaa nazo kila siku, na mafundi wenzangu, manake ukaguzi mwingi wa mwanzo unaweza kuufanya mwenyewe na nyundo, brashi ya waya na macho, halafu ukajua kama ni wakati wa kumwita injinia au la.

Ringi inafanya nini hasa

Siku za kawaida nguzo inabeba uzito kwenda chini tu, na zege kwa kazi hiyo ni hodari sana, ndo maana jengo linaweza kusimama miaka na miaka huku nondo zinaoza ndani na hakuna anayejua. Tetemeko linaleta kitu kingine kabisa. Ardhi inaenda huku na huku, ile slabu nzito huko juu, yaani sakafu ya zege, inataka kubaki pale ilipokuwa, na anayevutwa katikati ni nguzo, inapindwa kushoto, inapindwa kulia, tena kwa haraka, na inaumia zaidi kwenye ncha zake mbili, pale chini inapotoka sakafuni na pale juu inapoingia kwenye bimu, ile boriti ya zege inayolala.

Hapo ndo ringi zinafanya kazi yake. Zinazuia nguzo isipasuke kimshazari ikakatika, zinashika nondo kubwa zisibonyee kwenda nje, na zinabana zege la katikati lisimong'onyoke. Fikiria mzigo wa kuni uliofungwa kamba, kata zile kamba, kuni ni zilezile hakuna iliyovunjika, lakini mzigo haupo tena.

Na kutu ikiingia inaanza na ringi. Kwanza ndo ziko nje zaidi, karibu na uso wa nguzo kuliko nondo kubwa. Pili ni nyembamba, na hapa hebu tupige hesabu kidogo kwa sababu watu wengi hawaioni hii. Chukua nondo ya milimita 16, kutu iile milimita 1 kuizunguka pande zote, inabaki 14, umepoteza kama asilimia 23 ya chuma. Sasa kutu ileile, milimita 1 ileile, iile ringi ya milimita 8, inabaki 6, umepoteza kama asilimia 44. Karibu nusu! Na kama fundi aliweka ringi za milimita 6 kwa kubana pesa, imebaki 4, zaidi ya nusu imeenda. Yaani mwenye nyumba anakuonyesha Y16 zake na kweli bado zipo, lakini kitu ambacho kingemwokoa siku ya tetemeko kimeshaliwa.

Kuna na madhara mengine ambayo hayaonekani kwa kupima unene. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili mpaka mara sita hivi kutegemea ni kutu ya aina gani, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka, na zege likishapasuka kando ya nondo ule mshikano wa nondo na zege unalegea, nondo inaanza kuteleza badala ya kuvuta. Halafu chuma kizima kikivutwa kinarefuka kwanza kabla ya kukatika, na huko kurefuka ndiko kunakofanya jengo liyumbe, lipasuke, liharibike, lakini libaki limesimama watu watoke nje. Nondo yenye vishimo vya kutu hairefuki hivyo, nguvu yote inakusanyika kwenye kile kishimo na inakatika ghafla. Kwa hiyo jengo ambalo kwenye karatasi za injinia lilipaswa kupinda polepole na kutoa onyo, linakuja kukatika kwa mkupuo mmoja bila onyo.

Kutu inatoka wapi na sisi hatuna bahari

Hili naulizwa sana, watu wanadhani kutu ya nondo ni shida ya Mombasa na Dar. Zege jipya lina ukali wa chokaa, pH yake ni kama 12.5 hadi 13, na kwenye ukali huo chuma kinajivika utando mwembamba sana unaokilinda, kinaweza kukaa humo miaka mingi bila kutu. Lakini hewa tunayopumua ina kaboni dioksidi, inaingia kwenye zege kidogokidogo na kuumaliza ule ukali mpaka unashuka chini ya 9, na ikifika kwenye nondo ule utando unakufa, basi kukiwa na maji na hewa kutu inaanza. Hii haihitaji bahari, inahitaji tu zege lenye matundu na kava ndogo. Kava ni lile zege linalofunika nondo kutoka nje, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mwenye nyumba akijue ni hiki: hewa inaingia kwa kasi inayopungua, ikiingia milimita 10 kwa miaka 5 itafika milimita 20 kwa miaka 20, sio kwa miaka 10. Maana yake ukipunguza kava kwa nusu, muda wa kulindwa haupungui kwa nusu, unabaki robo. Fundi aliyeacha ringi imegusa fomu, zile mbao za kumwagia zege, kava sifuri, plasta tu juu yake, amekuachia nguzo isiyo na ulinzi tangu siku ya kwanza.

Chumvi nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inatoboa, inachimba vishimo vya mahali pamoja badala ya kula juujuu. Na chumvi tunayo. Ukiwa karibu na Katwe usichote mchanga wala maji ya ujenzi kwenye ziwa la chumvi, hata ukiambiwa ni bei nafuu, watu wa Katwe wanajua vizuri mabati na mabomba yanavyoisha pale. Nimeona maduka ambayo magunia ya chumvi yameegemezwa nguzo mwaka mzima, na stoo za samaki wa chumvi wa kupeleka Congo ambapo maji ya chumvi yanatiririka sakafuni mpaka miguuni mwa nguzo, na ni chini hapohapo nguzo inapoumia siku ya tetemeko. Hamisha hayo magunia, weka mbao chini yake, elekeza maji kwenye mfereji. Na kuna zile dawa za kuharakisha zege kukauka, nyingine zina kloridi ndani, ambayo ni kama kumwaga chumvi kwenye nguzo kwa mkono wako, soma kopo kabla hujainunua kwenye duka la hadiwea.

Kule Uturuki tarehe 17 Agosti 1999, tetemeko la Izmit, watu zaidi ya 17,000 walikufa, na kwenye baadhi ya majengo yaliyolala walikuta zege la mchanga wa bahari na makombe yakiwa mzima ndani yake, nondo zimeliwa, na ringi chache zilizokunjwa vibaya. Tetemeko lilikuwa kubwa kweli, lakini jirani kuna majengo yalibaki yamesimama.

Kukagua: anzia chini, anzia kwenye maji

Usianze na sebule ya ghorofa ya tatu. Anza ghorofa ya chini, hasa kama ni ya maduka, kwa sababu huko kuta ni chache, kumejaa milango mikubwa ya chuma, wakati juu kuna kuta za matofali kila chumba, kwa hiyo tetemeko likija ghorofa za juu zinaenda kama boksi moja na kuyumba kote kunaangukia nguzo za chini. Nguzo iliyooza ghorofa ya chini ni hatari mara nyingi kuliko iliyooza juu.

Halafu fuata maji. Nguzo ambayo bomba la mvua linashukia kando yake. Nguzo iliyo chini ya bafu na choo cha wapangaji. Nguzo ya kona inayopigwa na mvua za Machi mpaka Mei na tena za Septemba mpaka Novemba. Nguzo za kubebea tanki la maji juu, hizo watu wanazisahau kabisa na zina tani nyingi kichwani, tanki la lita 5,000 ni tani tano za maji, likitikiswa huko juu ni kitu kingine. Na kama umepangisha ghorofa ya chini kwa watu wa kuosha magari na boda, nguzo zote za hapo zikague, ule unyevu wa kulowa na kukauka kila siku ndo kutu inaupenda.

Unaangalia nini? Ufa wa wima unaoshuka kando ya kona ya nguzo, ulionyooka, huo unafuata nondo kubwa, karibu kila mara ni kutu inasukuma kutoka ndani. Nyufa za mlalo zilizopangana kwa umbali unaolingana, tuseme kila sentimita 20, hizo zinafuata ringi, na hizo ndo mimi zinanishtua zaidi. Madoa ya kahawia yanayotoka kwenye ufa baada ya mvua. Plasta iliyovimba kama tumbo. Ufa wa kimshazari kwenye nguzo, au miwili iliyokatana kama herufi X, huo usiupige nyundo wala kuufikiria sana, piga simu kwa injinia siku hiyohiyo, nguzo imeshazidiwa.

Chukua nyundo ndogo ugonge polepole kutoka chini mpaka juu, pande zote nne. Zege zima linalia kwa sauti kali na kavu, lililoachana ndani linalia bubu kama kuna uwazi. Zungushia chaki pale panapolia bubu. Utashangaa, nguzo imepakwa rangi nzuri ya krimu mwaka jana na nusu yake inalia bubu.

Nikueleze moja nzuri kama mfano. Nyumba ya kupangisha Kasese, nguzo ya nyuma chini ya bafu, mama mwenye nyumba alikuwa ameshaipiga plasta upya mara kadhaa na kila mara inavimba. Akaniambia, "Fundi, si unipigie plasta ngumu tu, wapangaji wanalalamika." Nikamwomba, mama niruhusu nifungue kidogo. Plasta ilitoka yenyewe kwa mkono, zege la nyuma likatoka na patasi bila kusumbua, na ringi ya kwanza kutoka chini ilikuwa imebaki maganda, ukiyashika yanatoka vipande vyembamba tabaka kwa tabaka vyeusi na vyekundu. Ya pili nikaisugua na brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, nikaweka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ilikuwa ringi ya 8, ikasoma 5 na kidogo upande mmoja na upande wa pili imekatika kabisa, ncha zimechongoka kama penseli. Nondo za kona zenyewe zilikuwa bado nene. Mama alikaa kimya, akauliza, "Na hii imekuwa ikinibebea nyumba?" Ndiyo mama, kubeba inabeba. Tatizo ni siku itakapotikiswa.

Kupima kidogo zaidi

Kama una mashaka, fungua dirisha dogo, ukubwa wa kiganja tu, usizidishe, na usifungue kwenye nguzo inayolia bubu pande zote bila kuisimikia jeki kwanza. Toa plasta, fika kwenye zege, toboa mpaka uione ringi. Pima kava kwa rula au tepu, kutoka uso wa zege sio uso wa plasta, manake plasta zetu nyingi ni mchanga mwingi simenti kidogo, hazizuii kitu. Sugua ringi na nondo ziwe safi, pima unene kwa kalipa sehemu iliyoliwa zaidi, andika, piga picha na kalipa ikiwa pale.

Halafu kuna ile dawa ya fenolfthaleini ambayo watoto wetu wanaitumia maabara ya sekondari, maduka ya vifaa vya maabara wanayo na ni rahisi. Ipulizie kwenye zege ulilovunja sasa hivi, baada ya kupuliza vumbi litoke. Palipogeuka pinki kali bado pana ukali wa chokaa, nondo iliyo humo inalindwa. Palipobaki rangi ya zege pameshakwisha. Sasa pima, ile sehemu isiyogeuka ina milimita ngapi kutoka nje? Ikiwa 15 na ringi yako iko kwenye 25, una muda. Ikiwa 30 na ringi iko kwenye 15, ringi imeshakuwa nje ya ulinzi muda mrefu. Ila kumbuka dawa hii haioni chumvi, nguzo ya stoo ya samaki inaweza kugeuka pinki vizuri na nondo bado zinachimbwa, huko inabidi injinia achukue unga wa zege aupeleke maabara.

Injinia awe aliyesajiliwa na bodi ya mainjinia, ERB, na mwambie wazi kwamba unataka aangalie tetemeko sio uzito tu, kwa sababu Uganda tuna kanuni yetu ya kusanifu majengo dhidi ya matetemeko, US 319 ya mwaka 2003, na inaigawa nchi kwa kanda, huku magharibi ndo tuko kwenye kanda nzito. Jengo linaloruhusiwa Tororo haimaanishi linatosha Bundibugyo.

Kutengeneza bila kuficha

Kupiga plasta juu ya kutu ni kuifungia chumbani iendelee kula. Hatua ya kwanza hata kabla ya patasi ni kuzima maji: rekebisha bomba, badilisha sinki inayovuja, weka mfereji wa paa, pandisha sakafu kidogo ili maji yasisimame mguuni mwa nguzo. Bila hilo kila kitu utakachofanya kitarudi.

Kisha simika. Jeki za chuma au miti ya kalitusi iliyonyooka, kila upande wa nguzo, chini ya bimu, na ziendelee ghorofa za juu kama injinia amesema, na chini ziwe zimekanyaga mbao nene. Nguzo moja kwa wakati mmoja, usiruhusu mafundi wachimbe nguzo tatu pamoja ili kazi iishe Jumamosi.

Vunja zege bovu mpaka uvuke nyuma ya nondo, sentimita 2 hivi, ili kidole kipite, na uifuate nondo mpaka ukute chuma safi, halafu ongeza tena sentimita 5. Mafundi wengi wanavunja mbele tu, wanasugua uso wa nondo unaoonekana, nyuma kutu inabaki. Sugua pande zote mpaka chuma king'ae. Ringi iliyokatika au kubaki nusu usibishane nayo, weka mpya, ifungwe na kulabu za digrii 135 zinazoingia ndani ya moyo wa nguzo, sio zile zimekunjwa digrii 90 pembeni, hizo zege la nje likidondoka tu zinafunguka. Nondo kubwa ikiwa imeliwa inaongezewa nyingine kando yake, na inapishana na ile nzima kwa urefu ambao injinia atakupa, kwa kawaida ni kama mara 40 hadi 50 ya unene wake, kwa Y16 unaongelea sentimita 64 mpaka 80, kwa hiyo vipande vya sentimita 20 vilivyofungwa waya ni mapambo. Kuchomelea usikubali mpaka injinia aseme, nondo nyingi za siku hizi zimeimarishwa kwa joto na moto wa kuchomelea unazidhoofisha palepale.

Lowesha zege la zamani, ujaze na zege la kokoto ndogo au mota maalum ya ukarabati (mchanganyiko wa simenti na mchanga), lisindiliwe vizuri, na limwagiliwe au lifunikwe magunia mabichi siku 7. Hapa kwenye jua la Kasese siku 7 ni za kweli, ukiliacha siku ya pili linapasuka na umerudi mwanzo.

Pale penye chumvi kuna mtego. Ukitoa zege bovu kipande kimoja ukaweka jipya, nondo ya kando, iliyobaki kwenye zege lenye chumvi, inaanza kuoza haraka zaidi kuliko mwanzo. Ndo maana unaona nguzo imetengenezwa na mwaka unaofuata inapasuka sentimita kumi juu ya kiraka. Zege lote lenye chumvi litoke, au injinia atafute njia nyingine.

Nguzo ikiwa imeharibika sana, inavalishwa koti, yaani zege jipya la sentimita 10 hivi kuizunguka lenye nondo zake na ringi zilizokaribiana. Ni njia nzuri sana lakini isifanywe kwa nguzo moja kwa kukisia, kwa sababu nguzo iliyonenepa inakuwa ngumu kuliko wenzake na siku ya tetemeko inajivutia nguvu nyingi zaidi, na koti linaloishia sakafuni bila kushuka mpaka kwenye msingi halisaidii pale chini panapohitaji msaada. Hesabu za jengo zima zinafanywa kwanza.

Nondo zinazochungulia juu ya paa

Hii inastahili kusemwa peke yake kwa sababu ipo kila mji. Unajenga ghorofa mbili, unaacha nondo zimesimama juu kwa ajili ya ghorofa ya tatu pesa ikipatikana, na pesa inapatikana baada ya miaka nane. Nondo zimenyeshewa muda wote huo na maji yanashuka nazo mpaka ndani ya kichwa cha nguzo ya chini. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayofutika kwa brashi haina shida. Ikiwa inabanduka maganda, na chini yake kuna vishimo, hizo usiziendeleze. Vunja kichwa cha nguzo kwenda chini mpaka ukute nondo safi na ringi nzima, uunganishe kutoka hapo. Na kama bado hujafika wakati wa kujenga, leo hii zisugue, zipake uji mzito wa simenti, na uzifunike na zege hafifu utakalolivunja baadaye. Mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba inashika unyevu ndani, nimeona nondo zilizofungwa hivyo zikiwa mbaya kuliko za wazi.

Wewe unayejenga sasa hivi

Simama saiti siku ya kumwaga, hiyo siku moja ina thamani kuliko ukaguzi wote wa baadaye. Kabla fomu haijafungwa, pitisha mkono kati ya ringi na mbao. Kava ya milimita 25 ndani na 40 nje penye mvua, na chini ya ardhi 50, ikimwagwa moja kwa moja kwenye udongo 75. Inashikiliwa na biskuti za zege, vipande vidogo vilivyofungwa kwenye ringi, mawe yanateleza. Hesabu ringi kwenye ncha za nguzo, juu na chini, hapo zikaribiane, kila sentimita 10 ni kipimo utakachokiona kwenye michoro mingi ya sehemu za matetemeko, katikati zinaweza kuachana kidogo, na ziendelee ndani ya maungio ya bimu na nguzo ambako mafundi wanapenda kuziruka kwa sababu ni kubanana.

Maji yasizidi kama lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na pota (kibarua) atakayeongeza ndoo ili zege liteleze mwambie hapana kwa upole na usiondoke hapo. Vaibreta, mashine ya kusindilia zege, iwepo na iwe inafanya kazi, asali ya zege, yale matundu unayoyaona fomu ikitolewa, ni mlango wa hewa na maji, yakitokea yaonekane na yatengenezwe kabla plasta haijayafunika.

Tetemeko likishapita

Hata dogo la sekunde chache. Toeni watu kwanza, msirudi haraka kwa sababu mengine hufuata. Mchana ukifika pitia zile nguzo ulizoziwekea chaki. Kila ufa uwekee alama ya penseli kwenye mwisho wake na tarehe, upana wake upime, na urudi baada ya wiki kuona kama umepita alama. Ukikuta X kwenye nguzo, au zege limetoka na nondo zimebonyea kwenda nje kati ya ringi, au mlango wa duka la chini ambao jana ulifunga leo haufungi, ghorofa hiyo isilaliwe na mtu. Mjulishe LC1, mwenyekiti wa kijiji, na injinia wa wilaya aitwe. Picha ulizopiga mwanzo, zile za kalipa na chaki, mkabidhi yeye, zitamwonyesha ipi ilikuwa kutu ya zamani na ipi ni ya tetemeko hilo.